Sinia la Klaudia

Jumatano tarehe 12 Februari 2025, saa nne kasoro dakika kumi asubuhi, kishikwambi cha marehemu Klaudia kilijifunga mikononi mwa mumewe. Hakikuanguka, hakikuloa mvua, wala hakuna mtoto aliyekichezea. Kahangwa alikuwa amesimama juu ya kichuguu nyuma ya kibanja chake, shamba lake la migomba na kahawa, mahali pekee ambapo mtandao unashika bila kusuasua, amekishika kwa mikono miwili na kukibandika sikioni kama mtu anayejikinga jua kwa sinia. Alikuwa akizungumza na mtoto wa jirani yake Ma Georgina, yule aliyeko Geita, na Ma Georgina mwenyewe alikuwa chini ya kichuguu, kikapu kichwani, akimtajia maneno ya kusema. Katikati ya neno sauti ikakatika.

Kahangwa alikishusha akakitazama. Kioo chote kilikuwa chekundu, na juu ya wekundu huo maandishi meupe. Yeye aliishia darasa la nne, kwa hiyo aliyasoma taratibu, kidole kikifuata herufi. Kifaa hiki kimefungwa. Kirudishwe ofisi ya mradi mara moja.

"Wanasemaje?" Ma Georgina aliuliza.

"Wanasema ni chao," alisema Kahangwa. "Miaka miwili na nusu hawakukikumbuka. Leo wamekikumbuka."

Kilikuwa chao kweli, hilo hakulikataa hata siku moja. Mwaka 2022 mradi wa kahawa ulipofika kijijini, walitafuta mtu mwenye mwandiko mzuri na miguu isiyochoka, wakampata Klaudia. Walimpa kishikwambi kipana kama daftari kubwa, kimevishwa mpira mweusi pembeni, na ndani yake laini ya simu ya mradi. Alizunguka nacho kibanja kwa kibanja akiandika wakulima, miti yao ya kahawa na mahali walipo. Wakati wa kazi hiyo simu yake ndogo ilitumbukia kisimani akichota maji, naye hakuhangaika kutafuta nyingine. Ya nini, wakati hiki kinapiga na kupokea? Uandikishaji ulipokwisha aliuliza akirudishe wapi. Wakamwambia akae nacho, watakuja. Basi akakishonea mfuko wa kitenge wenye mkanda wa kuvaa shingoni, na tangu hapo ndiyo ikawa simu ya nyumba ile.

Laini ya Kahangwa mwenyewe ilishafungwa zamani, mwaka ule wa kusajili kwa alama za vidole. Alienda mara tatu. Mara tatu ile mashine ilikataa vidole vyake, na kijana aliyeishika akamwambia vimesuguliwa na jembe, hakuna alama tena. Kahangwa alimuuliza kama serikali ilitaka alime kwa miguu. Watu walicheka, lakini laini ilifungwa.

Klaudia alifariki tarehe 3 Septemba 2024. Homa ilimshika Jumapili, Jumatano akazikwa kwenye kibanja, karibu na migomba aliyoipanda mwenyewe. Gari la wagonjwa lilikuwa gereji. Aliyepaswa kuidhinisha dawa alikuwa semina. Kahangwa aliyaweka hayo mawili moyoni, na kila aliyemwambia kwamba ni mapenzi ya Mungu alimjibu kwamba Mungu hana gereji.

Baada ya mazishi, mfuko wa kitenge ukahamia shingoni kwake. Kijiji kilicheka mpaka kikachoka. Walimwita Ta Sinia, yaani Mzee Sinia. Walisema akipiga simu uso wake haumtoshi. Sauti ilitokea kwa chini, naye hakulijua hilo kwa wiki nzima, akawa anakigeuza kichwa chini miguu juu, watu wakadhani anakipepeta. Alikataa kukiweka sauti ya wazi, maana mambo ya watu si ya kutangazia migomba. Siku moja kililia kanisani katikati ya mahubiri. Padre akanyamaza mpaka kilipomaliza, kisha akasema wengine wamekuja na simu, Ta Kahangwa amekuja na kituo cha redio. Kanisa zima likacheka. Kahangwa hakucheka wala hakuona haya. Alikitazama tu kuona ni nani aliyepiga, akakirudisha kifuani.

Alikuwa anamsubiri mtu mmoja. Binti yake Edvina alikwenda Uarabuni mwaka 2023 kufanya kazi za nyumbani. Simu yake ilichukuliwa na mwenye nyumba siku aliyofika. Kwa hiyo hupiga anapoweza, kwa simu ya mpishi, ya dereva, ya mgonjwa aliyemwonea huruma, na kila mara namba ni nyingine. Ukiipigia namba hiyo kesho yake anapokea mtu asiyemjua. Wakala aliyempeleka hapokei kabisa. Namba ambayo Edvina anaijua kwa moyo ni moja tu, ya kishikwambi cha mama yake. Aliikariri wakiwa stendi ya Bukoba, mama anataja, mtoto anarudia, kama katekisimu.

Mara ya mwisho alipiga Julai. Mama yake alikufa Septemba. Hajui.

Ndiyo maana Kahangwa alipoitwa na ndugu zake kuondoa tanga, aliwaambia tanga haliondoki. Nyumba haiwezi kumaliza kilio ambacho mtoto wake mmoja hajakianza. Wakamwona mkaidi. Akaendelea kukibeba kishikwambi shambani, kanisani, chooni, usiku akikilaza kwenye mto ule aliokuwa akilalia Klaudia, kimeunganishwa na betri ya sola.

Sasa kilikuwa chekundu.

Ijumaa alishuka Muleba. Ofisi ya mradi ilikuwa chumba kimoja nyuma ya duka la pembejeo, na mratibu wake aliitwa Mwijage, kijana mwenye kitambi cha mapema, shati limechomekewa. Kahangwa alimfahamu baba yake. Walikuwa wamepanda kahawa msimu mmoja. Alianza kama anavyoanza mtu aliyelelewa. Alitoa mfukoni kifungu cha jani la mgomba chenye kahawa ya kutafuna, akakifungua, akamsogezea mwenyeji wake kwa mikono miwili kabla ya kusema lililomleta.

Mwijage alikitazama kile kifungu, akasema, "Hapana mzee wangu, nimepiga mswaki."

Kahangwa alikifunga tena. Mhaya kumkatalia Mhaya kahawa, tena mbele ya wageni waliokaa kwenye benchi, tena mtoto wa rafiki yake. Alijua hapo hapo kwamba siku haitakuwa njema.

Mwijage alimgeuzia kompyuta yake amwonyeshe. Katika kijiji chao, alisema, kulikuwa na wakulima arobaini na watatu wenye majina tofauti, vibanja tofauti, lakini namba ya simu moja. Namba ya mwandikishaji mwenyewe. Mfumo ulipokaguliwa uliwakataa wote. Kwa lugha ya ofisi, hao ni wakulima hewa. Ndiyo sababu miche ya mwaka huu imezuiwa na kishikwambi kimefungwa kutoka juu.

Kahangwa alihitaji muda neno hilo limwingie. Lilipomwingia akaelewa kwamba mke wake anaitwa mwizi.

Alimweleza, na alijitahidi kueleza pole pole. Kile kidude kilikuwa na kisanduku kinachotaka tarakimu kumi, na kisipojazwa hakikubali kusonga mbele. Walimu wao wa mafunzo walisema mkulima asiye na namba haingii. Sasa wazee wa kule juu hawana simu. Wengine hawana vidole vinavyosomeka, kama yeye. Klaudia angewaacha? Aliwajazia namba yake. Miche ilipokuja ujumbe uliingia kwake mara arobaini na tatu, naye akaondoka na mwavuli kuwaita mmoja mmoja, mvua ikinyesha. Na alipokufa, aliyezunguka kuwaita ni yeye Kahangwa, na mguu wake huu mbovu.

"Alipaswa kuacha wazi na kuandika maelezo," alisema Mwijage.

"Wazi haikubali. Si nimekwambia?"

"Basi alipaswa kuuliza ofisini."

"Aliuliza. Ofisi ilikuwa semina."

Waliokaa kwenye benchi waliguna. Mwijage akaweka mkono mezani, akasema kwa vyovyote kifaa kibaki, na laini ibaki na kifaa, kwa sababu laini imesajiliwa kwa jina la mradi. Kahangwa alikuwa anafungua kinywa kumweleza habari ya Edvina ndipo kishikwambi kikalia.

Kililia kifuani mwake, ndani ya mfuko wa kitenge, mlio ule ule wa kwaya aliouchagua Klaudia. Alikichomoa kwa haraka mpaka mkanda ukamkata shingoni. Kioo kilikuwa chekundu vile vile, na maandishi yale yale, lakini kwa juu, kwenye ukingo, ulitokea mstari mwembamba wa tarakimu. Ilikuwa namba ndefu, isiyoanza na sifuri, ya nje ya nchi. Alikibonyeza. Akatelezesha kidole kushoto, kulia, juu, chini. Mama mmoja kutoka kwenye benchi akaja akajaribu na kidole chake. Kilikuwa kinalia tu.

"Kifungue," alimwambia Mwijage, akamwekea mikononi. "Ni mwanangu. Kifungue nizungumze naye, kisha ukichukue, ukitie hata motoni."

Mwijage alikishika. Kwa mara ya kwanza uso wake ulikuwa wa mtu wa kawaida. Alikitazama kikilia, akamtazama mzee, akasema, "Siwezi. Sina mamlaka. Kinafunguliwa Bukoba."

"Umekishika mkononi."

"Nimekishika, lakini ufunguo uko Bukoba."

Kililia mpaka kikanyamaza. Baada ya kitambo, wakiwa wote wamesimama namna ile, kililia tena, mara hii kwa muda mfupi, kama mtu aliyeambiwa arudishe simu ya wenyewe. Kisha basi.

Kahangwa alikitwaa kutoka mikononi mwa yule kijana na hakuna aliyemzuia. Mlangoni aligeuka.

"Baba yako angeona aibu," alisema.

Jumapili kililia mara ya tatu, Kahangwa akiwa nyumbani anamenya ndizi. Alijua hakipokeleki. Hata hivyo alikishika mbele ya kinywa chake akasema ndani ya ule mlio, "Edvina, niko hapa, niko hapa, omwana wange, wamenifungia," mpaka kikanyamaza, ndipo akarudi kwenye ndizi zake akakuta ameshajikata kidole.

Jumatatu alipanda basi la Bukoba pamoja na Ma Georgina. Hakumwomba. Mama yule, ambaye miaka yake sabini na miwili haikumpunguzia ulimi, alisikia kwamba yumo kwenye orodha ya hewa, akavaa gauni lake la gomesi la Pasaka na kusema lazima wamtazame vizuri.

Ofisi kubwa ya mradi ilikuwa mtaa wa Bakoba, pale pale mjini, kwenye nyumba yenye geti la bluu na bustani iliyokatwa vizuri kuliko kahawa ya mtu yeyote aliyeandikwa humo. Mkubwa wa ofisi hakuwapo. Kahangwa aliuliza kama yuko semina, mlinzi akashangaa amejuaje. Walipokelewa na msichana wa vifaa aliyeitwa Yasmin, wa pale pale mjini, mwenye hijabu ya kijivu na meza iliyojaa nyaya. Aliwaamkia shikamoo, akawavutia viti. Kahangwa hakuwa na nia ya kutoa kahawa tena baada ya ile ya Muleba, lakini Ma Georgina alikuwa na yake. Alimsogezea. Yasmin alichukua buni mbili, akashukuru, akaanza kutafuna.

"Waitu, huyu amelelewa, ana mama," alisema Ma Georgina. Kisha akasimama wima katikati ya chumba. "Haya, mwanangu. Mimi ni Georgina, namba kumi na saba kwenye karatasi yenu. Nisogelee unishike, uone kama ni hewa."

Yasmin alicheka huku amejiziba mdomo. Alitafuta jina kwenye kompyuta, akalipata, akaandika kitu pembeni. Alisema ataandika kwamba mmoja amefika na amethibitika. Ma Georgina akauliza wale arobaini na wawili wengine waje lini, na kama wasioweza kutembea wabebwe kwa machela. Yasmin akasema hilo litaamuliwa na mkubwa.

Habari ya Edvina aliisikiliza yote, kalamu imesimama. Kisha akachukua kishikwambi, akakichomeka waya, akaandika maneno fulani kwenye kompyuta. Wekundu ukatoka. Ikatokea picha ya Klaudia kama alivyoiweka mwenyewe, amesimama kwenye kahawa zake, jua machoni, anacheka na mtu anayempiga picha. Mtu huyo alikuwa Kahangwa. Ilikuwa mara yake ya kwanza kupiga picha, ndiyo maana kidole gumba chake kimetokea pembeni.

Simu zilizokosa kupokelewa zilikuwa tatu. Ijumaa mbili, Jumapili moja. Namba moja zote.

Laini ya mradi hairuhusiwi kupiga nje ya nchi. Yasmin alitoa simu yake mwenyewe mkobani, akaiandika ile namba, akaweka sauti ya wazi juu ya meza. Iliita muda mrefu. Kahangwa aliinamia ile simu ndogo kwa mwili wake wote, amezoea kubwa. Akapokea mwanamume. Alisema Kiarabu, kwa haraka. Yasmin akatoa salamu, akaitikiwa, halafu akabaki amekwama, kwa sababu Kiarabu chake kilikuwa cha madrasa, cha kuomba na kusoma, hakina neno la kumwulizia mfanyakazi wa ndani kwa mtu mkali. Alitaja tu, Edvina, Edvina, Tanzania. Mwanamume alisema neno moja akakata. Alipopiga tena, simu ilikuwa imezimwa.

"Hiyo namba sasa tunayo," alisema Yasmin. "Nitakuandikia."

"Ninazo kumi za namna hiyo nyumbani," alisema Kahangwa. "Hatumii moja mara mbili. Anayejua namba ni yeye. Sisi tunajulikana, hatujui."

Akamwomba jambo moja. Hakutaka miche wala msamaha, na hakutaka waliomwita mke wake mwizi waje kaburini kuomba radhi, ingawa wangekuja asingewafukuza. Alitaka wamwachie ile laini. Kishikwambi wakichukue. Laini ni kipande kidogo kuliko ukucha, haiwezi kuuangusha mradi wa watu wakubwa namna ile.

Yasmin alimweleza huku haangalii macho yake. Laini zote zilizoko kwenye vifaa vilivyofungwa zinarudishwa. Yeye akitoa moja, itahesabiwa amepoteza. Mwisho wa mwezi zitazimwa zote kwa pamoja.

Basi, alisema Kahangwa, kiacheni kimewashwa. Kikae hapa mezani kwako mpaka mwisho wa mwezi, kina chaji, ukisikia kwaya unapokea. Ni siku kumi na moja. Utamwambia baba yupo, utampa namba ya Ma Georgina, maana leo hii tutamnunulia simu, atasajili kwa vidole vyake, yeye vinasomeka kwa kuwa halimi, akatania.

Ma Georgina hakuucheka huo utani.

Yasmin alitazama kabati la chuma lililokuwa nyuma yake. Vishikwambi vingine vilikuwa humo, vimepangwa kama matofali, vyote vimezimwa. Alisema utaratibu ni kuzima kifaa kikipokelewa. Gari la kuvipeleka Dar es Salaam linakuja Ijumaa.

"Na mkubwa wako akikubali?"

"Mkubwa anarudi Jumatatu ijayo."

Alimsogezea fomu ya kurudisha kifaa. Kahangwa hakuisoma. Yasmin akafungua kidau cha wino, na Kahangwa akabonyeza dole gumba lake pale palipoonyeshwa, alama nyeusi ikabaki, nzima, mistari yote. Aliitazama kwa muda. Kidole kilichokataliwa mara tatu kupata simu kilikuwa kimekubaliwa mara moja kuirudisha. Alikipangusa wino kwenye suruali.

Akamsukumia Yasmin kishikwambi kilichokuwa mezani. Mfuko wa kitenge aliubakiza, huo haukuwa wa mradi. Picha ya Klaudia ilikuwa bado ipo kwenye kioo, na Yasmin alikuwa ameshaweka kidole pembeni, pale pa kuzimia, lakini hakuwa amebonyeza. Mtu wa meza ya pili, aliyekuwa akichapa muda wote bila kuinua kichwa, aliacha kuchapa.

"Mama," alisema Kahangwa, na alimwita msichana yule mama kwa heshima, kama anavyomwita mtu aliyetafuna kahawa yake. "Mimi kusoma kwangu ni kudogo. Nyinyi mmesoma, mna utaratibu, mna makabati. Nielezeni mimi na huyu hewa niliyekuja naye. Edvina akipiga kesho, nani atamwambia mama yake amekufa?"